Maswali ya Wasomaji: Jasho la Federer Lilikuwa Wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, nyumbani tunabishana kila tunapoangalia marudio ya mechi za zamani za tenisi. Kaka yangu anashikilia kwamba Federer alikuwa mvivu mwenye kipaji na Nadal mchapakazi asiye na kipaji. Mimi naona hilo si sawa lakini nashindwa kulijibu. Nisaidieni. — H.S., Tanga

JIBU: Hoja ni yako, ingawa kakako naye hakukosea bure. Macho yake yalidanganywa na mahali wachezaji hao walipokuwa wakisimama.

Federer alisimama juu ya mstari wa nyuma, wakati mwingine nusu hatua ndani yake, akaupiga mpira ukiwa bado unapanda baada ya kudunda. Nadal, hasa kwenye udongo mwekundu wa Paris, alirudi nyuma mita mbili au tatu, akauacha mpira upande mpaka uchoke. Wakati wa kupokea sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, ndiyo usiseme, alikuwa karibu na viti vya waamuzi wa mstari kuliko mstari wenyewe. Sasa, anayesimama mbele anakimbia masafa mafupi kwa sababu mpira haujapata nafasi ya kufungua pembe. Anayesimama nyuma anapata muda wa kujipanga, ila anaulipia kwa miguu. Kiwanja cha mchezaji mmoja kina upana wa mita 8.23, lakini ukikaa mita tatu nyuma ya mstari, mpira wa pembeni unakutoa nje ya upana huo kabisa.

Kwa hiyo mbio za Nadal zinaonekana, na za Federer zimefichika. Zimefichika wapi? Kamera ya televisheni hufuata mpira. Safari ijayo mwambie kakako asiutazame mpira, atazame miguu ya yule ambaye zamu yake ya kupiga haijafika. Mpinzani anapopeleka raketi mbele, Federer anafanya kirukio kidogo, visigino juu, miguu imeachana kupita mabega kidogo, na anatua mpira unapoachia nyuzi za mwenzake. Anayetua mapema anaganda chini kama aliyepigiliwa misumari. Anayetua kwa kuchelewa anaanza kukimbia mpira ukishavuka wavu. Baada ya kutua zinafuata hatua fupifupi za kupima umbali, nyingi kuliko unavyodhani, na ndipo mkono unapopita kwa ulaini ule ambao sisi tunauita kipaji. Mkono ukiwa laini namna ile, ujue miguu imefika kabla yake. Hatua hizo alizifanyia mazoezi kwa miaka zaidi ya ishirini chini ya mkufunzi wake wa viungo, Pierre Paganini.

Na kipaji cha Nadal? Huyu ni mtu anayeandika kwa mkono wa kulia na kucheza tenisi kwa kushoto. Mmarekani John Yandell, mchambuzi wa video za tenisi, alizipiga picha fohendi zao (mapigo ya upande wa mkono wa raketi) kwa kamera za kasi kubwa: ya Nadal ilikuwa na wastani wa mizunguko kama 3,200 kwa dakika na kuna iliyokaribia 4,900, ya Federer kama 2,700, na za Sampras na Agassi, mabingwa wa kabla yao, hazikufika 2,000. Mpira wenye mzunguko huo ukidunda unaruka mpaka begani. Mtu anayepiga bekihendi (pigo la upande wa pili) kwa mkono mmoja, kama Federer, pale begani hana nguvu. Nadal aliujua udhaifu huo akaupigia nyundo miaka nenda miaka rudi. Hiyo ni akili, tusiiite misuli peke yake.

Dawa ilipatikana katika fainali ya mashindano ya Australia ya 2017, dhidi ya Nadal. Federer, akiwa na miaka 35 na ametoka kukaa nje nusu mwaka kwa ajili ya goti, alitumia raketi yenye kichwa cha inchi za mraba 97 badala ya ile 90 ya zamani, akaipiga bekihendi mapema kabla mpira haujafika begani. Seti ya tano alikuwa nyuma 1-3, akachukua gemu tano mfululizo na kushinda. Ukiitazama mechi hiyo bila sauti, utaona mtu anayekimbilia mbele muda wote. Mvivu hawezi kucheza vile kwa seti tano.

SWALI: Nimesikia wachezaji wa tenisi hutozwa faini kwa "kutojituma". Mwamuzi anajuaje kilichomo moyoni mwa mtu? — Mwl. B., Kigoma

JIBU: Moyo hauangalii, mwalimu. Anaangalia vitendo, na vinapaswa kuwa vya wazi. Mfano unaotajwa sana ni wa Nick Kyrgios, Shanghai, 2016, dhidi ya Mischa Zverev. Alipiga sevu moja kwa kuupapasa tu mpira uvuke wavu, akaanza kutembea kwenda kwenye kiti chake hata kabla mwenzake hajaurudisha. Mechi iliisha kwa 6-3, 6-1 ndani ya dakika 48. Alitozwa kwanza dola 16,500, kisha zikaongezwa 25,000 na kufungiwa wiki nane, zilizoweza kupungua hadi tatu akikubali kumwona mtaalamu wa saikolojia. Miaka mitatu baadaye Wimbledon walimnyang'anya Bernard Tomic fedha zote za raundi ya kwanza, pauni 45,000, baada ya kufungwa na Jo-Wilfried Tsonga kwa dakika 58. Kiwango kile, walisema, si cha mchezaji wa kulipwa. Kyrgios huyohuyo alifika fainali ya Wimbledon 2022, kwa hiyo uwezo haukuwa tatizo.

Lakini usichanganye kuzembea na kubana matumizi. Mpinzani anaongoza 40-0 kwenye sevu yake, amebakiza pointi moja tu kuchukua gemu, anakudondoshea mpira nyuma ya wavu: ukiuacha upite, hiyo ni hesabu. Kuufuata kutakugharimu mbio za mita kumi na kitu kwa pointi isiyobadili gemu. Sampras alijulikana kwa hili. Alilinda sevu zake, akapoteza za wenzake bila kujichosha, akasubiri gemu moja ya kuivunja sevu ya mpinzani mwishoni mwa seti. Warefu wenye sevu nzito huishi hivyo. John Isner ana mita 2.08, na mechi yake na Nicolas Mahut, Wimbledon 2010, ilichukua saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, seti ya tano 70-68, na baina yao sevu 216 ambazo mpokeaji hakuweza hata kuzigusa. Kwa saa, ni karibu mara mbili ya fainali ya Djokovic na Nadal huko Australia 2012, iliyokwenda saa 5 na dakika 53. Lakini Djokovic na Nadal ndio walioletewa viti wakati wa hotuba za kukabidhiwa zawadi, maana miguu ilikuwa imegoma. Saa haipimi uchovu. Kinachochosha ni urefu wa kila pointi.

SWALI: Mpigaji nguvu anayekosea sana anaweza kumshinda mwenye uvumilivu? — Dada wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Anaweza, na fainali ya wanawake ya Roland Garros 2017, yale mashindano ya udongo mwekundu wa Paris, ilionyesha. Jelena Ostapenko, siku mbili baada ya kutimiza miaka 20, alimfunga Simona Halep 4-6, 6-4, 6-3. Alipiga mapigo ya kumaliza 54 na makosa ya kujitakia 54. Halep alikosea mara 10 tu, ila mapigo yake ya kumaliza yalikuwa 8. Karibu kila pointi, iwe njema au mbaya, iliamuliwa na raketi ya Ostapenko. Halep alicheza vizuri kwa mtindo wake, tatizo ni kwamba hakupewa nafasi ya kuamua chochote.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nina miaka 52 na nacheza klabuni hapa Nakuru mara mbili kwa wiki. Nimejaribu fohendi ya Nadal kwa miezi mitatu. Mipira inatoka nje, na sasa kiwiko kinauma. Nimekosea wapi? — Mzee wa Nakuru

JIBU: Pole sana, mzee wetu. Hapa kuna makosa matatu yanayokaa pamoja, na moja si lako.

Lisilo lako ni mwinuko. Nakuru iko juu ya mita 1,800. Hewa ni nyepesi, mpira haukamatwi, na mzunguko nao unauma kidogo kuliko pwani. Kanuni za kimataifa zina mpira maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Angalia kopo kabla ya kununua. Ukikosa, kaza nyuzi kilo moja hadi mbili zaidi ya ulivyozoea, lakini ngoja kwanza, soma habari ya kiwiko hapa chini.

La pili ni kuiga mwisho badala ya mwanzo. Ile namna ya Nadal ya kumalizia raketi juu ya kichwa kama anayezungusha kombeo ni matokeo ya kasi aliyokwisha kuitengeneza chini. Anza na mshiko. Simamisha raketi kwa ukingo. Mpini una pande nane. Upande wa juu uite 1, na kwa mtu wa mkono wa kulia hesabu kuelekea kulia. Fundo la chini la kidole cha shahada likikaa upande wa 3, uko karibu na Federer; likikaa wa 4, uko kwa Nadal. Wengi husukuma hadi wa 5 wakidhani ndio mzunguko zaidi, na mipira ya chini yote inawashinda. Halafu shusha kichwa cha raketi chini ya mpira kwa kama sentimita 30, ukutane nao mbele ya nyonga na si ubavuni, uso wa raketi ukiwa wima, upandishe kwa kugeuza kiuno. Mpira ukigonga wavu mara kwa mara, uso wa raketi umeinamia chini. Ukiruka juu bila kushuka, unauchota kwa kifundo cha mkono. Ukisikia sauti ya fremu, unapandisha kwa ukali kuliko unavyopeleka mbele.

Zoezi: funga fito mbili kwenye nguzo za wavu, vuta kamba mita moja juu ya wavu, na upitishe mipira juu ya kamba hiyo ikidondoka ndani ya mstari wa nyuma. Mipira 20 ya taratibu kwanza. Isipodondoka ndani, mzunguko haujapatikana, usiongeze nguvu.

La tatu ni nyuzi. Wanaomfuata Nadal hununua poliesta kama zake. Hizo ni ngumu, zinatetemesha mkono, na baada ya saa 15 hadi 20 za mchezo huwa zimekufa hata kama hazijakatika. Kwa kiwiko chako weka nyuzi laini za nailoni zenye nyuzinyuzi nyingi, usizikaze hata kwa ajili ya mwinuko mpaka maumivu yaishe, na punguza kubana mpini, kwani anayechelewa kukutana na mpira hubana bila kujijua. Pumzika wiki mbili au tatu. Maumivu yakibaki, mwone tabibu wa viungo kabla ya kurudi kiwanjani.

SWALI: Shikamooni. Mwanangu ana miaka 9, ni mfupi kuliko wenzake. Afundishwe mtindo gani? — Mama Neema, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mama. Mtindo usubiri. Diego Schwartzman ana mita 1.70 na 2020 alifika nafasi ya 8 duniani, baada ya kumfunga Nadal Roma kwenye udongo, kwa hiyo urefu usikukoseshe usingizi. Kinachomharibu mtoto wa umri huo ni mpira wa watu wazima: unaruka juu ya kichwa chake, naye anajifunza kurudi nyuma na kujilinda, basi umeshamchagulia mtindo bila kujua. Tafuta mpira wa rangi ya chungwa, ambao mwendo wake ni karibu nusu ya ule wa kawaida, kiwanja chenye urefu wa mita 18 (chora kwa chaki ndani ya kile kikubwa), wavu wa sentimita 80, na raketi ya inchi 25 au pungufu. Bekihendi apige kwa mikono miwili kwa sasa. Sampras alianza hivyo hivyo, na mkono mmoja alihamia akiwa na miaka kama 14.