Usanifu wa ndani chuoni: si mapazia tu

Mdogo wangu, umeuliza kama usanifu wa ndani pale Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar, ni kozi ya kuchagua rangi na mapazia. Hapana. Rangi zimo, ila muda wako mwingi utaumaliza mezani ukichora, ukirudishiwa kazi, ukichora tena. Ukiambiwa uchore kwa skeli ya 1:50, ukuta wa mita 4 unakuwa sentimita 8 kwenye karatasi, na ukikosea milimita 2 umemlia mwenye nyumba sentimita 10 nzima. Hapo ndipo kabati linapogoma kuingia.

Vipimo vya mwili wa mtu utavijua kama jina lako: kiti karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, meza ya kulia 75, kaunta ya jikoni kama 90. Halafu kuna mwanga, upepo, nyaya, mabomba. Joto la Dar halitaki utani; ukiziba dirisha kwa ajili ya urembo, mteja atakukumbuka kwenye bili ya umeme.

Kuchora vizuri kunasaidia, lakini usiogope kama mkono wako mzito, unafunzika. Mimi ningeogopa zaidi gharama: laptopu yenye nguvu, kuprinti karatasi kubwa kubwa, maboksi ya kutengenezea modeli. Hizo hazimo kwenye ada, jipange mapema. Likizo nenda kakae kwa fundi seremala hata wiki mbili. Utajua mbao inavyopinda.