Re: Nimeachwa na boti, ni nuksi au Mungu kapanga?
Bwana asifiwe dada. Umesema umeachwa na boti pale bandari ya Mkoani, Pemba, na intavyuu ya Unguja ikakupita, sasa wauliza ni nuksi au Mungu ndo kapanga. Nuksi itoe kichwani, miye siiamini, ingawa hata Ruthu imeandikwa alifika shamba la Boazi kwa bahati, yeye hajui ila Mungu anajua. Lakini soma Matendo 27, Paulo keshaambiwa wote 276 melini watapona na bado mabaharia walipotaka kutoroka na mashua akasema hawa wasipobaki hamtaokoka, yaani ahadi ya Mungu ipo na watu wakafanya sehemu yao vilevile, askari wakakata kamba za ile mashua. Na wewe mwenyewe umeandika ulikua wamalizia chai na mkate wa ufuta, dada jamani! Wapigie leoleo uwaombe siku nyengine.