Kilele cha 998 Kilivyonitoa Machozi

Juzi usiku dada mmoja anayesoma uzamili alinitumia grafu ya infraredi ya kamba ya plastiki, yaani jinsi kamba inavyofyonza mwanga wa infraredi, kila kilele kikitajwa kwa namba yake ya wimbi. Kilele cha 998 kimesimama kama mnazi. Akauliza: "Kaka, si naweza kuandika ufuwele ni asilimia 70?" Yaani sehemu ya plastiki ambayo molekuli zake zimejipanga kuwa fuwele. Chai ilipoa mbele yangu. Swali hilo ndilo lililowahi kuniliza.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba alikata mkonge, na kamba ya kwetu ilikuwa ya mkonge. Nilipokua, wavuvi wa mwalo wa Deep Sea walishahamia kamba za plastiki ya polipropilini, nami nikazifanya utafiti wangu. Habari za vibali na foleni ya mashine naziruka.

Niliyeyusha vipande vya kamba kwa nyuzijoto 200 za Selsiasi, nikavibana vikawa filamu nyembamba, nikazitumbukiza kwenye maji ya barafu. Nikagawanya kilele cha 998 kwa cha 973, jibu nikaliita ufuwele. Siku ya kutetea tasnifu mtahini akaniuliza mbele ya watu: "Filamu iliyopozwa ghafla hivi, fuwele zote hizo zimetoka wapi?" Sikuwa na neno. Nikarudishwa kuandika upya sura mbili. Waliocheka siku ile nawakumbuka mmoja mmoja.

Sikia, mdogo wangu. Infraredi inakuonyesha umbo la mnyororo, yaani molekuli ndefu ya plastiki. Mnyororo wa polipropilini isotaktiki (yenye matawi yote yaliyopangika kwa namna moja) hujisokota, viungo vitatu kwa kila mzunguko. Kilele cha 973 hutosheka na msokoto mfupi, ndiyo maana hakipotei hata plastiki ikiyeyuka. Cha 998 kinataka msokoto mrefu zaidi. Lakini minyororo inaweza kujisokota vizuri na isijipange kuwa fuwele, na barafu yangu ilifanya hivyo hasa. Eksirei, ambayo hutoa vilele vyembamba penye fuwele, ilionyesha vilima viwili vipana tu. (Polithini ina nafuu: kilele chake cha 730 ni cha fuwele, ukiiyeyusha kinatoweka, anabaki jirani yake wa 720.)

Na wewe umepima kamba yenyewe! Kamba huvutwa kiwandani, minyororo ikalala upande mmoja. Ukiigeuza mbele ya mionzi iliyochujwa ibaki inayotetema upande mmoja tu, 998 hupanda na kushuka ingawa ufuwele ni uleule.

Usiandike ufuwele kwa uwiano ambao hujaulinganisha na eksirei. Narudia: linganisha kwanza. Haraka ya kumaliza isikufanye uweke jina lako chini ya namba usiyoweza kuitetea. Mimi nilirudi na vipimo vyote viwili kwa kila sampuli, na mtahini yuleyule akasaini.

Usiku uleule nilimwandikia ayeyushe, abane filamu, aipoze taratibu, kisha aipashe moto ndani ya mashine akichukua grafu kila nyuzijoto 10, aone 998 kikizama na 973 kikibaki. Asubuhi akajibu kwamba mashine ina foleni mpaka Alhamisi.

Subiri Alhamisi, dada.