Kenchi za kiwandani au za fundi wangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Najenga nyumba ya vyumba vitatu huku Chanika, ukuta umefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kampuni moja inataka kuniletea kenchi za mbao, yaani fremu za kubeba paa, zilizoundwa tayari kiwandani. Fundi wangu anasema huko ni kutupa hela, atazipiga mwenyewe saiti. Halafu nataka tangi la lita 1,000 likae darini. Nifanyeje? – Mama J.

JIBU: Marahaba, Mama J. Kenchi za kiwandani mimi nazikubali. Fundi wa saiti hukadiria kwa macho, na akiwa na wasiwasi anaongeza mbao, tena kwa hela yako. Kiwandani hesabu inatangulia, kisha viungo vinabanwa pande zote mbili kwa bamba za chuma zenye meno. Mbao zinapungua, na kupaua kunakwenda haraka kabla vuli haijakukuta.

Ila hazitaki ukuta uliopinda. Fundi wako kipimo kikikataa anachukua msumeno. Kenchi iliyofika fupi huwezi kuirefusha. Kwa hiyo usitoe oda kwa vipimo vya ramani. Zege la linta likishakauka, pima upana kila baada ya mita moja, kisha vuta futi kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vipimo vya pembe vikitofautiana, nyumba haiko mraba, na kiwanda kijue hilo mapema.

Angalia na barabara. Kenchi ibebwe imesimama, maana ikilazwa inanesa na meno ya bamba yanalegea. Zikifika, pitia kiungo kimoja kimoja kabla hujasaini. Ukucha ukipenya kati ya bamba na mbao, hiyo irudi. Uliza pia kama mbao zimetiwa dawa ya mchwa.

Tangi lako likijaa ni tani nzima ya maji. Kama kiwanda hakikuambiwa, lisipande. Mimi ningelijengea mnara nje. Na fundi bomba asikate kipande chochote cha kenchi ili apitishe paipu.

Fundi wako bado ana kazi: azisimamishe, apige papi (mbao za kushikilia bati) na bati. Msisitizie afunge mbao za mshazari tangu kenchi za kwanza, kwa sababu zikisimama bila kufungwa, moja ikianguka inazilaza zote, na watu wako juu.