Ndugu yako anabeti kupita kiasi? Usianze na deni

Ndugu wakigundua mtu wao amezama kwenye kubeti, swali la kwanza huwa ni "anadaiwa shilingi ngapi?" Kikao kinaitwa, watu wanachanga, mbuzi wanapelekwa mnadani, deni linalipwa, na kijana anaapa mbele ya wazee kwamba harudii tena. Nimeliona hilo kwa mdogo wangu, dereva wa bodaboda hapa Dodoma upande wa Nkuhungu, na kwa wenzake kadhaa wa kijiweni. Deni likifutwa na mengine yote yakabaki vilevile, mchezaji amefunguliwa njia ya kukopa upya.

Simsumbui mtu mzima anayeweka buku kwenye mechi ya Simba na Yanga, pesa ambayo hata ikipotea watoto watakula kesho, halafu mechi ikiisha naye ameishia hapo. Sheria inamruhusu akishafika miaka 18. Ila ajue amenunua burudani. Chukua mkeka wa timu 10, yaani tiketi moja inayolipa zikishinda zote, kila moja ikiwa na nafasi 2 kati ya 3 ya kushinda, zile wanazoziita za uhakika. Nafasi ya zote 10 kushinda haifiki 2 katika 100. Kampuni nayo imeshaweka faida yake ndani ya odi, yaani kiwango cha malipo, za kila mechi, kwa hiyo kila timu unayoongeza inaongeza pia makato. Mkeka uliochanwa na timu moja unauma na kukushawishi urudi, lakini pesa imepotea ileile ya aliyechaniwa na timu zote. Na dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, halina kushiba. Raundi ijayo haijui umeshalilisha sarafu ngapi za 200.

Kujua kama mtu amevuka mpaka, maswali mawili yanatosha kuanzia. Je, anajikuta anahitaji kuweka pesa nyingi zaidi na zaidi? Je, amewahi kuwadanganya watu wake wa karibu kuhusu kiasi anachocheza? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, kaeni chini mzungumze. Kwa dereva wa boda, mimi naangalia pia hesabu ya tajiri, ile pesa anayompelekea mwenye pikipiki: inaanza kuchelewa, sababu zinabadilika kila siku, leo pancha, kesho trafiki.

Mdogo wangu alikuwa anasema, "Napiga mara mojamoja tu, dada." Wifi hakuamini. Tulimwomba atoe taarifa ya miamala ya simu yake, tukakaa nayo mezani sisi watatu. Saa nane usiku 1,000. Dakika chache baadaye 1,000 nyingine, halafu 2,000, halafu mkopo wa simu umeingia, halafu 5,000 imetoka. Asubuhi, hela ya kwanza ya abiria nayo imekwenda hukohuko. Hatukumgombeza. Alisoma mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Dada, najaribu kuacha, nashindwa." Sentensi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa msaada, na ukimzomea mtu huipati. Karatasi ilifanya kazi ambayo maneno yetu yasingeweza.

Baada ya hapo tulishika pesa kabla ya madeni, kwa ridhaa yake. Hesabu ikawa inatumwa moja kwa moja kwa mwenye pikipiki, jioni kinachobaki anakabidhiwa wifi, yeye anabaki na ya mafuta na chakula. Akaunti za kubeti zikafungwa. Kampuni nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo au kujifungia kabisa, na usipoiona wapigie huduma kwa wateja uwaambie waifunge akaunti yako. Programu zikafutwa, na akajitoa kwenye magrupu ya mikeka, maana ujumbe wa "odi za leo" unaoingia saa kumi na moja alfajiri unaweza kuvunja wiki nzima ya juhudi. Madeni tuliyaandika yote, tukaanza na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa sababu riba yake haisubiri, na yanalipwa kidogokidogo kutokana na jasho lake. Anayetaka kusaidia, ampe mdai mkononi. Pesa isipite kwenye simu ya mchezaji.

Sasa lile ambalo watu wa Dodoma tunaliogopa. Hapa mjini jina la hospitali ya Mirembe limegeuzwa tusi, na ndiyo maana mtu yuko radhi apoteze pikipiki kuliko kuonekana getini pale. Inaniumiza sana. Tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ndani ya mji wetu, wengine wanasafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata, sisi tunaipita na bodaboda. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu: kujua ni saa zipi na hali gani zinakusukuma kucheza, kupima imani kama ile ya "lazima irudi", na kuangalia kama kuna sonona au pombe pembeni. Unaweza kutibiwa ukiwa unatoka nyumbani. Mtu akianza kusema bora afe kuliko kudaiwa, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.

Mkifika mapokezi, semeni wazi kwamba tatizo ni kamari, maana mkisema "mawazo" tu mnaweza kuzungushwa. Bebeni taarifa ya miamala na orodha ya madeni, na kadi ya bima kama ipo. Aende na mtu mmoja anayemwamini, asisindikizwe na ukoo mzima. Akirudia kucheza katikati ya matibabu, rudini kliniki mwambieni mtaalamu ukweli, tarehe na kiasi, ili ajue pa kuendelea.