Muulize Bibi: Mwanza ya zamani iko wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Tumehamia Mwanza, tumepanga Isamilo. Wanangu wanataka kuujua mji, ila mimi nikishuka mjini naona mawe, maduka na foleni tu. Historia yenyewe iko wapi?
Baba Watatu, Isamilo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnalala juu yake! Isamilo ndiko inakosemwa mpelelezi Mwingereza John Speke alisimama Agosti 3, 1858, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake. Waambie watoto kwamba wenyeji walikuwa wakivua humo tangu enzi za mababu.

Mkishuka mjini, msiishie kupiga picha kwenye Jiwe la Bismarck, yale mawe maarufu ya ziwani. Wajerumani waliweka boma 1892, sawa, lakini kilichoukuza mji huu ni pamba. Nendeni stesheni. Reli ya kutoka Tabora ilifika 1928, na marobota yakapata njia ya kwenda pwani.

Hapo wasimulie habari ya mizani. Mkulima wa Kisukuma alihangaika na pamba yake msimu mzima, akifika kwa mnunuzi anakuta mizani ni ya mnunuzi, anayesoma ni mnunuzi, na kilo anazitaja mnunuzi. Kupunjwa kukazidi. Wakulima wakaweka watu wao wenyewe, kazi yao kusimama kando ya mizani na kuisoma. Kutokana na madai hayo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika, na kufikia 1955 vikawa shirikisho lenye makao hapa hapa Mwanza. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko boma lolote, na linauma kwamba watoto wengi wa mjini hawalijui.

Makoroboi nako mpite: mafundi waliokata makopo kuyafanya koroboi ndio waliolipa eneo jina, na hekalu la Wahindu limesimama katikati ya mawe.

Igoma kuna makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996. Nendeni na wale wakubwa, muwaombee marehemu.

Jumapili nyingine pandeni daladala ya Kisesa hadi makumbusho ya Bujora. Kuna jumba lenye umbo la kiti cha mtemi, na ngoma za Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya wachezaji wa Kisukuma, zimehifadhiwa huko. Mkiweza, subirini Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, muwaone wachezaji hao wakishindana.