Kwa wanandoa wastaafu walioitwa kuhudumu Ujerumani msimu wa Krismasi

Mtoa mada, salamu kwako na kwa mama. Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: ndugu yetu na mkewe wamestaafu, kanisa limewaomba wakahudumu Ujerumani kuanzia Novemba hadi baada ya mwaka mpya, na mama anasita kwa sababu hajawahi kula Krismasi mbali na wajukuu. Anauliza kama kuna wanandoa wa umri wao waliopitia hayo.

Sisi tumepitia. Mume wangu ni mchungaji mstaafu wa Moravian, mimi nilikuwa muuguzi huko kwetu Mbeya. Tulihudumu Herrnhut, mji mdogo wa jimbo la Sachsen, karibu na mipaka ya Poland na Cheki. Wengi hapa wameshajibu habari za baridi na nauli. Mimi nitajibu la mama, na jibu langu ni hili: nendeni, ila mwende mkijua kwamba kazi ya wanandoa wazee kule iko zaidi sebuleni na kando ya viti vya wagonjwa kuliko mimbarini.

Makaratasi niyamalize haraka. Mkizidi siku 90, viza ya Schengen, ile ya muda mfupi ya nchi nyingi za Ulaya, haitoshi, mtahitaji viza ya kitaifa ya Ujerumani, na hiyo haitoki kwa wiki moja. Bima ya afya ni lazima. Kwa Schengen kima cha chini ni yuro 30,000, lakini kwa umri wetu swali kubwa ni kama bima hiyo inagusa presha na sukari mlizokwenda nazo. Ulizeni kabla ya kulipa. Dawa zibaki kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingia Ulaya, msijisumbue kufunga. Bizari nzima, iliki na karafuu bebeni, nitaeleza kwa nini.

Baridi mtaizoea kwa kuvaa nguo juu ya nguo. Giza ndilo lilinishika mimi. Desemba kunapambazuka karibu saa mbili asubuhi na jua linazama karibu saa kumi jioni, na siku nyingine hata hulioni. Tokeni nje kila siku saa sita mchana, hata kama ni kuzunguka kanisa tu. Nawaambia kama muuguzi: mzee akijifungia ndani wiki nzima kwenye giza lile, moyo unashuka bila yeye kujua sababu.

Sasa la wajukuu. Kwetu Wamoravian, Herrnhut tumekua tukiisikia. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Cheki, walipewa hifadhi kwenye ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf, bwana mkubwa wa Kijerumani, miaka kumi baadaye wakaanza kutuma wamisionari, na mwaka 1891 wajumbe wao, Theodor Meyer akiwa mmojawapo, walifika Rungwe. Leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Kwa hiyo mama asiende akijiona kama mtu aliyefadhiliwa safari. Anakwenda kwa ndugu, na ndugu hao wanahitaji watu.

Kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi, mwenyeji wetu alituletea boksi lenye nyota ya karatasi, ikiwa vipande vipande. Nyota ya Herrnhut ina pembe 25, kati yake 17 zina kitako cha pande nne na 8 za pande tatu, nawe unaziunganisha moja moja hadi zizunguke taa. Mume wangu alishika, mimi nikabana, na jioni nzima ikaishia hapo mezani. Tukiwa kwenye kazi hiyo mwenyeji akatusimulia ilikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule za bweni za Wamoravian, nyota za namna hii zilitengenezwa darasani kama zoezi la hesabu. Kwenye mabweni hayo walikaa pia watoto wa wamisionari. Baba na mama wako bara lingine, barua inachukua miezi, na Majilio yakifika watoto wanakunja karatasi na kutundika nyota.

Niliacha kubana nikabaki namsikiliza. Maisha yangu yote nimesikia habari za wamisionari waliokwenda mbali kuhubiri. Za watoto waliobaki sikuwahi kusimuliwa na mtu. Mwambie mama hivyo: uchungu wake una wenzake, tena wadogo kuliko yeye, na Injili aliyolelewa nayo imepita katika uchungu huo. Mimi hapo ndipo nilipata nguvu ya kukaa.

Tena sisi tuna simu. Majira yao ya baridi sisi tunawatangulia saa mbili tu. Tulikubaliana na watoto siku na saa za kupiga kabla hatujaondoka nyumbani, na wajukuu wakawa wanajiandaa, huyu na wimbo, yule na ripoti ya shule. Simu ya kushtukiza sikukuu huwaliza wote wawili, anayepiga na anayepokea. Simu ya miadi mnaisubiri kwa furaha.

Kuhusu kazi yenyewe. Mume wangu alihubiri akitafsiriwa, watu wakasikiliza kwa heshima. Lakini tulipohitajika hasa ni kwenye nyumba za kutunzia wazee. Wahudumu wa pale wanajituma, nimeona kwa macho ya kazi yangu, ila muda wao umepimwa kwa kila mgonjwa. Mstaafu anao muda. Na mzee akimwona mzee mwenzake ameketi mbele yake, haoni haya ya kutetemeka mikono wala kusahau maneno.

Kulikuwa na mama mmoja, umri umekwenda sana, aliyekuwa hasemi. Lugha yake mimi siijui, na hata ningeijua asingenijibu. Desemba kule machenza ni mengi, nami nilikuwa na moja mfukoni. Nikalimenya polepole, harufu ikatoka, akageuza uso. Nikamwekea kipande kiganjani. Akakinusa, akanirudishia, akaninyooshea kidole kwamba nile kwanza. Nikala. Ndipo akapokea cha pili. Tukaenda hivyo, kimoja changu kimoja chake, hadi chenza likaisha, kisha akaushika mkono wangu na kuulaza juu ya blanketi lake. Huduma yangu mama wa watu kule ilikuwa hiyo. Kwenye barua ya mwaliko jina langu lilikuwa limeandikwa kama mwenzi wa mchungaji tu, wala halikunipunguzia kitu. Mama asikubali kukaa nyumbani kumsubiri mzee arudi ibadani. Aombe kazi yake mwenyewe tangu wiki ya kwanza.

Krismasi yao hasa ni jioni ya tarehe 24. Maduka yanafungwa mapema mchana huo, na tarehe 25 na 26 yote ni sikukuu, kwa hiyo chakula cha siku hizo nunueni tarehe 23. Ibada ya jioni msiikose. Ukumbi wa kanisa wa Kimoravian ni mweupe, kuta hadi benchi, na watoto hupewa kila mmoja mshumaa unaowaka. Desturi hiyo ilianza mwaka 1747 huko Marienborn, Ujerumani, Johannes von Watteville, kiongozi wa Wamoravian, alipowagawia watoto mishumaa iliyofungwa utepe mwekundu. Mtoto akipita mbele yako na mwanga ule usoni, utamwona mjukuu wako, sikufichi.

Halafu watu wanaagana, wanaingia nyumbani kwao, na barabara inakuwa tupu. Huo ndio usiku mgumu. Kwetu sikukuu haina mlango: watoto wa jirani wanaingia na nguo mpya, sahani za pilau zinapishana njiani, jirani Mwislamu naye analetewa yake. Kule usiku wa 24 ni wa familia ya ndani, na hawakufanyi hivyo kwa kukudharau. Msingoje kualikwa. Alikeni ninyi.

Sisi tulipika pilau, ndiyo maana nimesema bizari. Tulimwita mzee mjane wa jengo letu, vijana wa kujitolea waliokuwa mbali na kwao, na familia ya Wakongo wa Bukavu tuliowafahamu kwa kusikia Kiswahili chao kituo cha basi. Mzee yule alikuja amevaa tai. Alikula, akaongeza, kisha akapanda kwake ghorofani akatuletea picha za mkewe, na hadi tunalala karibu saa sita usiku alikuwa bado anasimulia, vijana wakitutafsiria. Sijui sehemu nyingine mnayokwenda watu wakoje, lakini sidhani kuna mji wa Ujerumani usio na mtu anayekula peke yake usiku huo.

Jambo la mwisho ni tarehe ya kurudi. Mwenye kuandaa tiketi anaweza kuwaonea huruma awarudishe mapema mwezi wa kwanza. Ombeni mbaki mpaka Epifania, 6 Januari ipite. Wamoravian siku hiyo hukumbuka kazi ya misheni, na mume wangu aliombwa aeleze jinsi Injili ilivyotoka Tanzania kwenda Malawi, Zambia, Burundi na Kongo. Waliokaa kwenye benchi zile walisikia habari za watoto wa watoto wa kazi iliyoanzia kwao, na maswali yao yalichukua muda mrefu kuliko mahubiri. Barua ya mwaliko isomeke angalau hadi tarehe 7.